Kujifunza kufuma sweta ukiwa Mtwara: uzoefu wangu na KnittingHelp na Ravelry

Kwa anayeanza kufuma kwa sindano mbili, tovuti ya KnittingHelp ndiyo ya kwanza kwangu. Ni video fupi za bure, kila moja na jambo lake: kuanzisha vitanzi, mshono wa mbele, mshono wa nyuma, kufunga. Maelezo ni ya Kiingereza, ila mikono inaonekana vizuri hata ukizima sauti unaelewa. Na mshono uleule unaonyeshwa kwa mitindo miwili, uzi ukiwa mkono wa kulia na ukiwa wa kushoto. Anayejua kroshia, na hapa kwetu wafumaji wa vitambaa vya makochi hawakosekani, achague wa kushoto, maana mkono umeshazoea.

Ravelry, tovuti iliyoanza 2007, ni ghala la pateni, yaani maelekezo ya kufuma. Akaunti ni bure, na unaweza kuchuja ubaki na za bure na zilizo rahisi. Nzuri sana, lakini isubiri kwanza. Pateni zimeandikwa kwa vifupisho: k ni mshono wa mbele, p wa nyuma, k2tog ni vitanzi viwili kufumwa pamoja. Bila hivyo utakwama mstari wa kwanza.

Panapowaangusha wengi ni namba za sindano. Namba 8 ya Uingereza ya zamani ni mm 4. Namba 8 ya Marekani ni mm 5. Tena zinakwenda kinyume: ya Uingereza ikipanda sindano inakuwa nyembamba, ya Marekani ikipanda inanenepa. Sokoni ulizia kwa milimita tu. Spoku ya baiskeli, ambayo watu huitumia kama sindano, ina unene wa mm 2 hivi. Kwa uzi wa unene wa kati unaotaka mm 4, utapata kitambaa kigumu kama mkeka, na vitanzi havitasogea.

Zoezi ninalolipendekeza: vitanzi 20, mistari 40, mshono wa mbele tupu. Mshono huu haujikunji pembeni, kwa hiyo makosa unayaona. Mkia wa uzi, yaani ule unaouacha mwanzoni wa kuanzishia vitanzi, uwe sm 2 kwa kila kitanzi na sm 15 za ziada, yaani sm 55. Ukibana, unaishia kitanzi cha 17 na kuanza upya. Hesabu kila mwisho wa mstari. Ukikuta 21 na hakuna tundu, umevuta uzi juu ya sindano mwanzoni mwa mstari, kitanzi cha kwanza kikaonekana viwili. Ushushe uzi chini, mbele ya kazi, ndipo uupeleke nyuma. Ukikuta tundu katikati, uzi ulibaki mbele ukajizungusha kwenye sindano. Fumua mpaka hapo. Usipunguze kitanzi kuficha, tundu halizibiki.

Joto la pwani nalo lina lake. Mkono ukitoka jasho uzi unanata kwenye sindano ya chuma, nawe unazidi kukaza. Fuma asubuhi, uwe na kitambaa kikavu mapajani. Azima pia sindano ya kroshia: kitanzi kikidondoka mistari mitatu chini, kidake kwa ndoano hiyo, ukipandishe ngazi moja moja, kila uzi wa mlalo ukipita ndani yake, mpaka kirudi kwenye sindano.