Culzean: jumba la Uskoti kwa macho ya mjenzi wa Bukavu

Wabukavu wenye jamaa Glasgow, mkienda kuwatembelea msiishie madukani. Mwipwa wangu alinipeleka Culzean, kusini mwa Ayr, na mimi ninayejenga nyumba Muhumba na Nguba, ile tiketi niliilipa bila kunung'unika.

Jumba limekaa ukingoni kabisa mwa genge, bahari iko chini. Sisi tunaojua udongo wetu unavyoporomoka mvua ikizidi, tunaangalia msingi kwanza. Kule ni mwamba. Palikuwa na mnara wa kale wa ukoo wa Kennedy. Mwaka 1777 David Kennedy, mtemi wa 10 wa Cassillis, akampa kazi msanifu Robert Adam augeuze kuwa makao ya fahari. Shantie ikaenda kwa vipande hadi 1792, mwaka ambao tajiri na msanifu wake wote wawili walifariki. Madeni yakabaki. Wateja wangu mnaoongeza ghorofa kila mkishika dola, mnasikia?

Ngazi ndiyo iliyonishika. Katikati ya nyumba palikuwa na giza, Adam akaweka hapo ngazi ya umbo la yai, yenye kioo paani kinachomwaga mwanga hadi chini. Sasa tazama nguzo. Kwa desturi zile za Korintho, zenye majani kichwani, hukaa juu ya zile za Ionia, zenye misokoto kama konokono. Yeye kazipindua: za majani ghorofa ya kwanza, za Ionia ya pili. Ukiwa chini, jicho linadanganyika kuwa jengo ni refu kuliko lilivyo. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena, hadi mwipwa akaninong'oneza, "Mjomba, watu wanasubiri."

Chumba cha silaha nilikipita tu. Bastola ukutani hazinifurahishi, kwetu tumeziona za kutosha. Sebule ya duara inayotazama bahari, hapo kaa.

Mwaka 1945 ukoo ulilikabidhi jumba kwa National Trust for Scotland, shirika linalotunza majumba ya kale, na nyumba ya ghorofa ya juu akapewa Jenerali Eisenhower aitumie maisha yake yote, shukrani ya kuongoza majeshi ya Washirika katika Vita Kuu ya Pili. Alirudi 1959 akiwa rais wa Marekani.

Mashamba na misitu yake ni hifadhi ya wazi kwa umma tangu 1969. Kutoka getini ni mwendo, kwa hiyo akina mama wa visigino virefu, bebeni sandali. Na koti, hata Julai.