Ziara ya Carrie Furnaces Pittsburgh: nendeni, ila macho yawe kwenye reli

Wadau mlioko Pittsburgh na jirani, kama mmechoka kuzunguka maduka kila wikendi nendeni Carrie Furnaces pale Rankin, kando ya mto Monongahela. Yapo matanuru mawili ya kuyeyushia chuma, namba 6 na 7, ya mwaka 1907, marefu kama futi 92 hivi, yalizimwa miaka ya 70 na sasa ni sehemu ya historia, unatembezwa na muongozaji. Wengi wanapiga selfi na tanuru na kile kichwa kikubwa cha mnyama paa kilichotengenezwa na wasanii kwa mabomba na waya, basi wanasepa. Wanaacha uhondo wenyewe aisee.

Uhondo ni reli. Mawe ya chuma yalitoka huko Minnesota, yakapanda meli Maziwa Makuu ya huko Marekani mpaka bandari ya Conneaut, yakapakiwa kwenye treni ya Bessemer and Lake Erie, nayo ikaja kukabidhi mzigo kwa Union Railroad, kareli kafupi ka tangu 1894 kenye kazi moja tu ya kuhudumia viwanda vya bonde hili. Hapo bado hujafika kwenye tanuru, maana chini kwenye stoo kulikuwa na kigari kingine cha kupima mawe ya chuma, koki (makaa ya mawe yaliyookwa) na mawe ya chokaa halafu ndo vilivutwa na toroli mpaka juu kabisa, mchana na usiku. Na kikishayeyuka hakukuwa na kusubiri, chuma kilivushwa mto kikiwa bado uji wa moto, digrii zaidi ya 1,400, kwenda kiwanda cha Homestead kugeuzwa feleji, behewa lilijengewa matofali ya kuhimili moto ndani na lilikuwa na daraja lake peke yake! Injini ikikwama muda mrefu uji uliganda humohumo behewani. Daraja bado limesimama, ulizeni muonyeshwe, mimi niliuliza sana mpaka mke wangu akaanza kunivuta shati.

Nikakumbuka Liganga na Mchuchuma kwetu Tanzania, chuma kipo, makaa yapo, miaka yote tunaongelea kiwanda wakati kwanza ilitakiwa reli.

Nyota 5 kwangu. Vaeni viatu vya kufunika vidole, sandozi hapana, na angalieni ratiba kabla maana msimu wa baridi hakuna ziara za kawaida. Wenye watoto wadogo wanaopenda kukimbia, waacheni kwa shangazi.