TAHADHARI: Shandelia "mpya" zilizogandishwa kwa supa gluu, Kariakoo

Wakuu, kama kuna anayejiandaa kwenda Kariakoo kutafuta taa ya sebuleni, anisome kwanza.

Mwezi uliopita nilinunua shandelia ya mikono mitano kwa laki moja na themanini. Jamaa aliiwasha pale pale, ikang'aa, akanipa na fundi wa kuja kuifunga bure. Risiti ya EFD? Mashine mbovu. Ningegeuza hapo hapo, ila taa ilishaniingia moyoni.

Siku ya tisa, saa mbili usiku, mkono mmoja ukakatika, ukadondoka zuliani na glopu yake. Mwanangu alikuwa amelala hatua mbili kutoka hapo. Nikazima meni swichi, nikapanda juu ya meza na tochi ya simu.

Jamani! Ule mkono ulishavunjika zamani. Umejazwa supa gluu na vumbi la saruji, ukapigwa rangi ya dhahabu ya kupuliza. Supa gluu ikipata joto inalegea, na glopu alizoniwekea ni zile za waya ndani, zinazochoma kama pasi. Nikafungua kikombe cha juu, kile kinachofunika maungio ya waya darini: waya wa spika umesokotwa kwa vidole, ukazungushiwa nailoni ya mfuko iliyobabuliwa kwa kiberiti. Chokobloki, kile kiplastiki chenye skrubu cha kuungia waya, hakuna. Nailoni ilishaanza kuwa nyeusi, maana muungo uliolegea ndio unaopata moto. Mnyororo nao umeungwa kwa waya wa kufungia nondo, na waya wa ethi, ule wa kukukinga na shoti, umekatwa kabisa, wakati taa yenyewe ni chuma.

Nilipomrudishia akanijibu, "Dada, si uliiona ikiwaka?" Fundi wake hapatikani hewani.

Kwa hiyo ukienda, usiridhike na kuwaka. Mwambie afungue kile kikombe mbele yako, uone waya tatu, ukiwemo ule wa ethi wenye rangi ya kijani na njano. Pitisha kucha kwenye maungio ya mikono. Palipogandishwa pana kinundu, na rangi mpya inanuka. Akikataa kufungua, ondoka. Kufunga, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na ndoano iingie kwenye mbao, sio kwenye jipsamu tupu. (Yangu waliikita kwenye jipsamu. Nashangaa haikuanguka yote.)

Duka silitaji, ila ule mkono ninao kwenye boksi. Anayetaka kuona kinundu kinafananaje aseme, nitaweka picha.