Walivyomwacha mama mkwe wangu chini ya kasri la Neuschwanstein

Kampuni ya utalii iliyotutoa Munich kutupeleka Neuschwanstein naipa nyota moja, na hiyo ni ya dereva. Yule baba aliendesha kwa utulivu barabara nyeupe kwa theluji, na tulipofika akawashusha watoto mmoja mmoja kwa mkono wake. Mwongoza watalii waliyempanga naye sina nyota ya kumpa. Naandika nikiwa bado na hasira. Ndugu zangu mnaopanga kuwatembeza wazee wenu Ulaya majira ya baridi kwa sababu bei zimeshuka, someni haya kabla hamjalipa.

Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na mama mkwe aliyetoka Mlalo, Lushoto, kuja kuwaona wajukuu. Sisi tunaishi kaskazini mwa Ujerumani. Tukachagua kwenda Bavaria, jimbo la kusini, baada ya sikukuu, watalii wakiwa wachache, kwa sababu foleni za pale kiangazi zinajulikana na mtu mzima huwezi kumsimamisha juani nusu siku.

Mjini Munich sina lalamiko. Pale uwanja wa Marienplatz zile sanamu za mnara wa saa zilicheza saa tano kamili, watoto wakashangilia (wakati wa baridi zile za saa kumi na moja jioni hazichezi, msije mkasimama bure). Kwenye jumba la Nymphenburg, mahali alipozaliwa mwaka 1845 Ludwig II, mfalme wa Bavaria aliyejenga Neuschwanstein, sanamu za bustanini zilikuwa zimefungiwa kwenye masanduku ya mbao zisipasuke kwa baridi. Mama akasema hawa wazungu wanavisha nguo hadi mawe. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba alikuwa na furaha mpaka tulipokutana na yule kijana, mwongoza watalii.

Mambo yaliharibika kijijini Hohenschwangau. Kasri liko juu ya jabali, na kutoka kijijini ni mwinuko wa kama kilomita moja na nusu, dakika thelathini hadi arobaini kwa miguu. Kuna basi linalopanda hadi karibu na daraja la Marienbrücke, lakini barabara ikiganda haliendi. Siku hiyo iliganda. Hilo simlaumu mtu. Ninachokilaumu ni kwamba kampuni ilituuzia safari kwa ahadi kwamba wazee watapandishwa na basi, na mume wangu alipiga simu siku iliyotangulia kuuliza habari za theluji, akajibiwa asiwe na wasiwasi. Magari ya farasi yapo, ila basi likisimama kila mtu anakimbilia huko, na hata hayo yanakushusha chini ya kasri, unamalizia mwenyewe.

Yule mwongoza watalii akatukusanya. Akamwangalia mama kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akamgeukia mume wangu na kumwambia kwa Kiingereza kwamba huyu bibi abaki kwenye mkahawa, atatuchelewesha. Mbele ya kundi zima. Mama hakuulizwa kitu. Na Kiingereza anakisikia vizuri, alifundisha shule mpaka akastaafu. Lakini hata asingekisikia, kidole alikiona. Kijana alimnyooshea kidole mtu wa umri wa bibi yake, halafu kidole kilekile akakielekeza kwenye mlango wa mkahawa.

Naomba mnielewe. Huyu ni mama mkwe wangu. Mimi mwenyewe nikitaka kumwambia jambo natafuta kwanza maneno. Ni mwanamke wa Usambara, kwao ukisimama kwenye shamba la maharage unaliona paa la jirani chini ya miguu yako. Amepanda miinuko ile na viazi kichwani na mtoto mgongoni, na mtoto huyo mmojawapo ni mume wangu aliyekuwa anaambiwa amwache mama yake mkahawani. Ukitaka kujua kama ataweza kilomita moja na nusu, muulize. "Mama, utaweza?" Inachukua muda gani kusema hivyo?

Mume wangu si mtu wa kelele. Alisema tu kwamba mama anapanda, na sisi tunapanda naye. Kijana akajibu kundi halisubiri, saa yetu ya kuingia ni saa sita na dakika ishirini. Akaondoka, na tiketi zetu zote zikiwa kwenye simu yake.

Rudieni sentensi hiyo. Neuschwanstein watu wanaingia kwa zamu, kila zamu ina saa yake, na ikikupita imekupita. Utaratibu wenyewe siupingi, vyumba ni vingi na ngazi ni nyembamba. Lakini yeye anaujua, analipwa kwa sababu anaujua. Anaondokaje na tiketi za familia nzima iliyolipa kila senti mapema?

Mama alipanda. Alimshika mkono mjukuu wake mkubwa, akakanyaga pembeni palipomwagwa changarawe, polepole bila kusimama, akawapita vijana waliokuwa wameegemea miti wakihema. Alisimama mara moja tu, kukaza kitenge alichojifunga juu ya koti. Tulipofika getini zamu yetu ilikuwa imeshaingia dakika chache kabla, na sisi hatuna cha kuonyesha. Tukakaa kwenye ule ua wa chini ambao unaingia bila tiketi, upepo unakata masikio, mtoto mdogo analia vidole vinauma. Ziara ya ndani ni kama nusu saa. Kundi likatoka. Kijana akatuona, akasema, "Niliwaambia." Basi. Hakumtazama mama hata kidogo.

Nilimjibu, na nilichomjibu hakiandikiki hapa. Mama akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, acha. Tumefika." Ndipo nikazidi kuumia, maana aliyetukanwa ndiye aliyekuwa ananibembeleza. Sasa nikikumbuka hayo, hata ile nyota niliyoitoa naifuta. Dereva tulimshukuru mkono kwa mkono. Nyota kwenye ukurasa wa kampuni anaifaidi mwenye kampuni.

Jioni ile hotelini niliwaambia ndugu zote kwenye kundi la familia wasije Bavaria, ni baridi tupu na dharau. Maneno hayo nimeyarudisha, kwa sababu kesho yake mume wangu alikata tiketi na tukarudi wenyewe, kwa treni. Munich hadi mji wa Füssen ni kama saa mbili, halafu basi la dakika chache. Kuna tiketi moja ya siku nzima ya treni za Bavaria inayochukua hadi watu wazima watano, siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi. Tiketi za kasri tulilipia wenyewe mtandaoni na tukachagua saa ya mchana kabisa, ili mama apande anavyotaka. Barabara ilikuwa imemwagiwa changarawe nyingine. Tulifika mapema, tukanywa chai ya moto tukisubiri namba yetu.

Na ndani, jamani, ndani pale pana haki ya kusifiwa. Ukumbi wa kiti cha enzi hauna kiti cha enzi, mfalme alikufa Juni 1886 kabla hakijatengenezwa. Sakafu yake ni vijiwe vidogo vidogo vilivyopangwa kuwa wanyama na mimea, na juu inaning'inia taa yenye umbo la taji. Chumba cha kulala ni mbao zilizochongwa hadi huachi kutazama, na bomba la kunawia lina umbo la bata maji mwenye shingo ndefu. Kupiga picha hawaruhusu, kwa hiyo mnaangalia kwa macho, na mimi nilipenda hivyo. Mwanamke aliyetuongoza ndani alimwekea mama nafasi ya mbele na kumsubiri kila ngazi, na ngazi ni nyingi kwelikweli. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mama akamuuliza, "Na mke wake alikuwa analala wapi?" Yule mwanamke akacheka kwa upole, akamweleza kwamba Ludwig hakuoa, alichumbia mwaka 1867 akavunja uchumba mwaka huohuo. Akatueleza pia kuhusu madeni, mawaziri waliomwondoa kwa kusema ana kichaa, na maiti yake na ya daktari iliyokutwa katika ziwa Starnberg. Kasri lenyewe alilala humo siku 172 tu. Na wiki chache baada ya kifo chake milango ikafunguliwa kwa watu wa kulipa kiingilio. Mama alitikisa kichwa, akauliza kama walisubiri hata arobaini ipite.

Linderhof, jumba jingine la Ludwig, tulienda pia, kupitia kijiji cha Oberammergau. Nje kulikuwa kimya, chemchemi zimezimwa, majengo ya bustanini yamefungwa hadi msimu urudi, na kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya bustani, wakati wa baridi ni hasara. Lakini jumba lenyewe liko wazi, na watoto hadi leo wanaisimulia meza ya mfalme iliyoshushwa jikoni chini ya sakafu, ikapangwa chakula na kupandishwa tena, ili ale bila kumwona mtumishi. Mvulana wangu anataka baba yake aijenge hiyo nyumbani.

Kwa hiyo nendeni. Nendeni baridi hiyohiyo, giza linaingia saa kumi na nusu jioni lakini makasri unayatazama bila kusukumana. Buti ziwe za kushika barafu, na waulizeni wenyewe asubuhi ileile kama basi la kupanda linafanya kazi. Ila msiende na kampuni ambayo tiketi zenu anazishika mtu mwingine. Kila familia ishike zake mkononi, hilo msilegeze hata wakiwabembeleza.

Kuhusu kurudishiwa fedha, nimewaandikia barua pepe kadhaa. Mwisho wakajibu kwamba wanasikitika kwa hali mbaya ya hewa, na wakatupa punguzo kwa safari nyingine. Hali ya hewa haikumnyooshea mama kidole. Punguzo lao sikulitumia na sitalitumia, na fedha nazo naona nisizidai tena. Mama amesharudi Mlalo, simu anayo na mtandao unashika. Nataka yule kijana ampigie, aombe radhi kwa Kiingereza kilekile alichotumia kijijini pale. Namba niliwaandikia kwenye barua pepe ya mwisho, na bado hawajapiga.