Kisanduku cha kupimia maji ya bwawa jipya: nunua kinachohesabu matone

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa watu waliopata bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba kwa mara ya kwanza yanafanana mno, kiasi kwamba nimeona niyajibu yote kwa pamoja. Mtu anapima maji jioni, anaona hakuna klorini hata chembe, anatia dawa. Kesho yake anapima tena, bado hakuna, anaongeza. Baada ya siku kadhaa watoto wanatoka majini macho yamewaiva, nguo za kuogelea zimepauka na plastiki iliyotandikwa bwawani imeanza kupoteza rangi yake, ilhali kipimo kinazidi kuonyesha sifuri. Akienda dukani kuuliza anaambiwa kwamba bwawa jipya hula klorini sana, kwa hiyo abebe ndoo nyingine. Mara nyingi maji hayo hayana upungufu wowote wa klorini. Yamefurika klorini, na kinachokosekana ni kipimo chenye uwezo wa kuiona.

Kwa sababu hiyo sitapoteza muda kueleza kisanduku kipi kinapima vitu vingi zaidi, kipi kinatoa jibu haraka, au kipi kina mfuko mzuri wa kubebea, kwani hayo yameandikwa kwenye boksi na kila mtu anaweza kuyasoma. Swali ambalo wauzaji hawaulizwi, na ambalo mimi naliweka mbele ya mengine yote, ni hili: je, kipimo hiki hufanya nini klorini inapozidi?

Vipimo vingi vya nyumbani hutumia kitendanishi (dawa ya kupimia) kiitwacho DPD, ambacho mkemia wa Uingereza A. T. Palin alikiingiza katika upimaji wa klorini mwaka 1957. Kitendanishi hiki hugeuka waridi kinapokutana na klorini, na kadiri klorini inavyokuwa nyingi ndivyo waridi inavyokolea, kisha wewe unalinganisha rangi hiyo na vioo vya rangi vilivyo pembeni ya neli. Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo huanza klorini inapopita takriban miligramu 10 kwa lita, kwa kuwa klorini iliyobaki huishambulia rangi ileile iliyoizaa na kuigeuza kuwa kitu kisicho na rangi kabisa. Ukitazama kwa makini utaliona jambo hilo likitokea: tone linapogusa maji, wingu dogo la waridi hutanda juu, halafu unapotikisa neli wingu linatoweka na maji yanabaki maangavu kana kwamba hayajatiwa kitu. Anayelijua wingu lile huweka ndoo ya klorini chini mara moja. Asiyelijua, au aliyekuwa akitafuta kizibo wakati huo, huandika sifuri na kwenda kuongeza dawa.

Hata hivyo, sifuri kamili si hali mbaya kuliko zote, maana angalau inaweza kumtia mtu shaka. Mbaya zaidi ni pale rangi inapofifia kwa kiasi tu, ukapata waridi nzuri ya wastani inayolingana na miligramu 3, ukaridhika na kuwaruhusu watoto waingie, wakati majini mna klorini mara kadhaa ya hiyo. Klorini iliyozidi huharibu pia kipimo cha pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji, kwa sababu fenoli nyekundu inayotumika kukipima huelekea zambarau na kukufanya uamini kwamba pH imepanda, nawe unamimina asidi isiyohitajika. Mwenye bwawa jipya ndiye aliye hatarini zaidi, kwani ndiye anayetia dozi kubwa za mwanzo, ndiye ambaye bado hajaizoea harufu na sura ya maji yake, na ikiwa bwawa limepigwa lipu ya saruji, pH yake kweli hupanda yenyewe kwa wiki nyingi, hivyo anashindwa kujua ipi ni pH ya kweli na ipi ni ya uongo.

Kisanduku ninachokiweka nafasi ya kwanza, tena bila kuficha upendeleo wangu, ni Taylor K-2006, kinachotengenezwa Marekani. Nacho hutumia DPD, lakini kwa njia nyingine: unachota mililita 10 za maji ya bwawa, unatia unga wa DPD, maji yanageuka waridi, kisha unadondosha kimiminika cha pili tone moja moja huku ukizungusha neli, mpaka waridi ile iishe. Kila tone lina thamani ya miligramu 0.5 kwa lita, kwa hiyo ukitumia matone 8 maji yako yana klorini huru, yaani ile ambayo bado haijafungamana na uchafu, ya miligramu 4. Hulinganishi waridi hii na ile, hubishani na mwenzako kuhusu rangi, na hujali kama jua limeanza kuzama, kwa kuwa jicho linaulizwa jambo moja tu: waridi ipo au imekwisha? Klorini ikiwa nyingi mno, unga wa kwanza utawaka waridi na kuzimika, nawe unaongeza unga mpaka rangi ikae, ndipo uanze kuhesabu. Kasoro iliyowasumbua wote wanaoniandikia inapata dawa yake hapohapo kwenye neli.

Ukishamaliza, unatia matone 5 ya kitendanishi cha tatu katika maji yaleyale. Yakirudi kuwa waridi, ujue kuna klorini iliyofungamana na jasho, mkojo na uchafu mwingine, ambayo ndiyo hasa inayonuka na kuwasha macho, na unaihesabu kwa matone vilevile. Ikizidi miligramu 0.5, bwawa linahitaji dozi ya nguvu ya kusafisha. Kwa mtu anayejifunza, tofauti kati ya klorini huru na hii iliyofungamana ndiyo inayoeleza kwa nini bwawa linaweza kunuka klorini sana na bado mwani ukaota.

Kisanduku hichohicho kina kipimo cha asidi ya sayanuriki, ile inayoikinga klorini dhidi ya jua. Unachanganya maji na kitendanishi, yanakuwa na ukungu, kisha unayamimina polepole kwenye neli yenye doti jeusi chini hadi doti lisionekane, na pale maji yalipofika ndipo unaposoma. Usidharau kipimo hiki ikiwa unatumia vile vidonge vikubwa vya klorini vinavyoyeyuka taratibu. Kwa kila miligramu 10 za klorini vinazotoa, vidonge hivyo huacha takriban miligramu 6 za asidi hii majini, nayo haitoki kwa jua wala kwa chujio la kawaida. Inapungua kwa kumwaga maji na kujaza mengine. Ikiwa kati ya miligramu 30 na 50 inasaidia, lakini ikipanda mno klorini yako inalegea hata kama kipimo kinaonyesha ipo ya kutosha. Ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) na ugumu wa maji (wingi wa kalsiamu ndani yake) navyo vinapimwa kwa kuhesabu matone, na maelezo yake kwenye kijitabu yanatosha.

Angalizo moja kabla hujalipa. Kampuni hiyohiyo inatengeneza K-2005, ambayo ina sanduku la buluu linalokaribia kufanana, kijitabu kinachofanana na picha zinazofanana, lakini klorini yake inapimwa kwa kulinganisha waridi. Wapo walioagiza K-2006 wakaletewa K-2005 na kuambiwa kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Fungua sanduku na utafute kichupa cha unga pamoja na kijiko chake kidogo, usipokiona, rudisha. Herufi C ikiongezwa mwishoni, yaani K-2006C, maana yake ni chupa kubwa zaidi, na kwa bwawa linalotumika mwaka mzima ndiyo ninayoipendekeza.

Nafasi ya pili naipa K-1515 ya Taylor, ambayo ni kipimo cha klorini kwa matone peke yake. Inamfaa mtu ambaye tayari ana kisanduku cha DPD ya rangi na hataki kununua upya vipimo vya pH na ualkali ambavyo bado ni vizima.

Nafasi ya tatu ni fotomita, zile mashine ndogo zinazosoma rangi na kukupa namba kwenye kioo. Palintest, Lovibond na LaMotte wanatengeneza mashine nzuri, na mtu mwenye shida ya kutofautisha rangi atanufaika nazo sana katika kupima pH. Lakini mnunuzi afahamu kwamba kwa upande wa klorini nyingi ya mashine hizi zinasoma waridi ileile ya DPD, zina kikomo cha miligramu 5 hadi 10 hivi, na rangi ikishafutika mashine haina habari. Itakuandikia namba ndogo yenye desimali mbili, na desimali mbili hushawishi kuliko jicho. Ninaudhika kila ninapoona neno dijitali likitumiwa na muuzaji kana kwamba maana yake ni sahihi. Ukinunua fotomita, zoea kupima mara mbili unapohisi mashaka: mara ya pili changanya nusu ya maji ya bwawa na nusu ya maji yaliyotoneshwa (distilled), kisha zidisha jibu kwa 2. Jibu la pili likiwa kubwa zaidi ya la kwanza kwa mbali, la kwanza lilikuwa la uongo. Njia hii inawafaa pia wenye DPD ya kulinganisha rangi, iwe ya matone au ya vidonge, ambayo naiweka nafasi ya nne.

Vya bei ya chini sina mengi ya kuvisemea. Vitepe vya kuchovya vinakuambia tu kama klorini ipo au haipo, na kile kipande chake cha asidi ya sayanuriki usikitegemee kwa uamuzi wa kumwaga maji. Vile visanduku vya matone yanayogeuza maji kuwa njano havitenganishi klorini huru na iliyofungamana, ingawa vina sifa moja ya haki, kwamba klorini ikizidi njano yake hukolea kuelekea rangi ya chungwa badala ya kufutika.

Kuhusu wauzaji, nina neno. Duka linalopima maji bure na kukupa karatasi ndefu ya dawa za kununua lina maslahi katika jibu, na hata mhudumu mwaminifu anatumia mashine yenye kikomo kilekile nilichokieleza. Bwawa jipya hukabidhiwa likiwa na kifurushi cha kuanzia ambamo ndoo ya klorini ni kubwa na kipimo ni kitepe, jambo ambalo linamnufaisha aliyeuza ndoo. Vitendanishi hupangwa kwenye rafu ya dirishani vikipigwa na jua, vikauzwa bila mtu kutazama tarehe, na vya kujazia huwekewa bei inayomfanya mnunuzi aone heri anunue kisanduku kizima upya. Kataa chupa isiyo na tarehe, na kataa pia kimiminika cha DPD kilichobadilika rangi hata kama tarehe haijafika.

Unapoagiza kisanduku, agiza papo hapo unga wa ziada na chupa ya ziada ya kimiminika cha kuhesabia, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyokwisha kwanza wakati vingine bado viko nusu. Andika tarehe ya kufungua juu ya kila chupa, na uvihifadhi ndani ya nyumba penye kivuli, kamwe visikae kwenye stoo ya dawa za bwawa, ambako mvuke wa klorini huviharibu hata vikiwa vimefungwa.