Nimefokewa Saint-Ouen kisa kugeuza picha! (uzoefu wangu wa kununua picha za zamani za Kifaransa)

Bado nna hasira mnivumilie. Mi napenda sana zile potreti za Kifaransa za karne ya 19, mama kavaa gauni jeusi na kola ya lesi, mchoraji hajulikani, ila ukiitundika sebuleni ukuta mzima unapata heshima. Sasa juzijuzi nikaenda soko la vitu vya kale la Saint-Ouen, kaskazini mwa Paris, kwenye duka moja nikaona potreti ya mama ana macho hayo! Nikasalimia bonjour vizuri maana kule usiposalimia umeshaharibu, nikaishika niigeuze nione nyuma. Jamaa mwenye duka akaninyang'anya, mbele za watu, eti "madam, kama hununui usiguse."

Jamani, picha inajulikana kwa nyuma! Mbele mtu anaweza kukudanganya, siku hizi wanachapa kwa mashine juu ya kanvasi halafu wanapaka vanishi nzito yenye mikwaruzo ionekane ni brashi. Nyuma ndo utaona mbao iliyozeeka, vikabari kwenye kona vya kukazia kitambaa, vimisumari vyenye kutu badala ya pini za stepla, na ukibahatika muhuri wa duka lililouza hiyo kanvasi na namba ya saizi, mfano 8F ni sentimita 46 kwa 38. Sasa wewe unayekataza watu wasigeuze unaficha nini? Na kilichoniuma zaidi, mzungu aliyekuja nyuma yangu kaigeuza anavyotaka na jamaa anamchekea.

Nilitaka kuandika msiende kabisa Saint-Ouen. Lakini haki isemwe, kule upande wa Vernaison, humohumo sokoni, kwenye vile vichochoro kuna bibi alinitolea picha mwenyewe akaipeleka kwenye mwanga, akanionyesha palipotoboka pakazibwa kwa kiraka kwa nyuma, na bei akapunguza kwa sababu hiyohiyo. Huyo namrudia hata kesho. Na Vanves, soko jingine la vitu vya kale kusini mwa Paris, wikendi asubuhi nako kuzuri, wanapanga vitu njiani unashika unachotaka bila kununiwa.

Kwa hiyo soko la Saint-Ouen kwangu linapata nyota nne. Hapana, tatu, maana nikikumbuka ule mkono wa yule jamaa damu inachemka. Duka lake halipati hata nusu, ila yule mama wa kwenye picha nilimpenda kweli na bado namtaka, kama kuna mtu anapita pale wikendi naomba aigeuze ile picha aniambie nyuma kuna misumari au stepla.