Barazani Mkunguni au gatini?

Kijana wa Lamu akikaa barazani Mkunguni, mbele ya ngome, hutanguliza salamu ndefu: habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa. Husema "ndia" na "mato", Kiamu, lahaja ya Lamu aliyokulia, wala hamkatizi mzee. Akishuka gatini huita abiria kwa sauti. "Ndia" huwa "njia", "mato" huwa "macho", na maneno ni mafupi, kwani boti haingoji.

Wapo wanaosema anajigeuza. Sikubali, kila kundi lina adabu yake. Ila nikiambiwa nichague, nachagua baraza. Pale kimya nacho ni jibu: mzee akiendelea kuvuta tasbihi bila kukuitika, umeshajua ombi limekataliwa, na hujaaibika mbele ya watu. Gatini, "hapana" hurushwa kama kamba ya boti.